Je, Wajua? Dawa Zinazokuzwa Tangini

Je, wajua kwamba seli za mmea wa dawa zilipata soko kwanza kama rangi ya midomo?

Mmea wenyewe Wajapani huuita murasaki. Kitaalamu ni Lithospermum erythrorhizon. Mizizi yake ina rangi ya zambarau iitwayo shikonini, ambayo kwa karne nyingi ilitia rangi nguo za wakubwa na kuchanganywa katika marhamu ya vidonda na majeraha ya moto. Shida ni kwamba mzizi hukaa ardhini miaka kadhaa kabla ya kuvunwa, na porini mmea ulikuwa umeshaadimika. Mamoru Tabata wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake wakaanza kuzikuza seli zake maabara, kisha kampuni ya Mitsui Petrochemical ikazihamishia kwenye matangi. Kufikia 1984 shikonini ya tangini ilikuwa inauzwa, na kampuni ya vipodozi ya Kanebo ikaitia kwenye lipstiki. Mzizi wa shambani huwa na shikonini asilimia 1 au 2 hivi ya uzito mkavu. Seli za tangini zilipita asilimia 10.

Kuzikuza seli hizo hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuzifanya zitoe rangi. Katika chakula chenye amonia zilinenepa na kuzaana vizuri, lakini zikabaki nyeupe. Zikiwekwa kwenye mwanga, nazo zikagoma. Ndipo Wajapani wakatumia matangi mawili: la kwanza la kuzilisha ziongezeke, la pili lenye chakula kisicho na amonia ili ziache kuongezeka na kuanza kutengeneza shikonini. Mengi ya yanayofuata hapa chini yanatokana na jambo hilo moja: seli kukua ni kitu kimoja, na seli kutoa dawa ni kitu kingine kabisa.

Kwani tishu hukuzwaje?

Hukatwa kipande kidogo cha jani, shina au mzizi, kikaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu (maabara nyingi hutumia Jik ileile ya kufulia, iliyopunguzwa makali kwa maji), kisha kikawekwa ndani ya chupa yenye ute mgumu wa aga uliochanganywa na chumvi, vitamini, sukari na homoni. Baada ya wiki chache jeraha la kipande hicho huota donge la seli zisizo na umbo, si jani wala si mzizi. Donge hilo huitwa kalasi. Likivunjwavunjwa na kutiwa kwenye chakula cha majimaji kinachotikiswa bila kusimama, seli huelea na kuendelea kugawanyika.

Seli hizo hazihitaji jua. Nguvu zao zinatoka kwenye sukari, kwa kawaida gramu 30 hivi kwa kila lita, na zinaweza kuishi gizani miaka na miaka. Sukari hiyohiyo ndiyo inayowakosesha mafundi usingizi. Bakteria aliyeshiba anaweza kugawanyika kila dakika 20, ilhali seli ya mmea huchukua siku nzima au zaidi. Kijidudu kimoja kikipenya, chakula cha tangi zima kitaliwa kabla seli za mmea hazijapata cha kula. Ndiyo maana kila kitu huchemshwa kwa mvuke wa presha, na kazi yote ya kukata na kuhamisha hufanywa mbele ya hewa iliyochujwa.

Aga nayo hutokana na mwani, ila si ule unaolimwa Paje na Jambiani kule Unguja. Huo hutoa karaginani, inayoishia kwenye dawa za meno na vyakula vya maziwa.

Je, wajua kwamba maji ya dafu yalifungua mlango ambao ulikuwa umefungwa kwa karibu miaka 40?

Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Gottlieb Haberlandt, aliandika kwamba kila seli ya mmea inapaswa kuwa na uwezo wa kuanzisha mmea mzima. Akajaribu. Seli zake ziliishi wiki kadhaa, zikavimba, lakini hazikugawanyika hata mara moja. Wazo lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni homoni, na wakati huo hakuna aliyezijua.

Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake nchini Marekani walikuwa wakihangaika na viini vichanga vya mbegu za mnanaha, mmea ambao watu wa pwani wanaujua kwa sumu yake. Viini vilikuwa vinakufa. Walipoongeza maji ya nazi (maji yenyewe, si tui) vikakua. Ukifikiri kidogo, haishangazi: maji ya dafu ni chakula ambacho mnazi umekiweka akiba kwa ajili ya kukilisha kichanga chake, na ndani yake zimo homoni za kuamrisha seli zigawanyike. Mwishoni mwa miaka ya 1950 F. C. Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyatumia maji hayohayo kupata mimea ya karoti kutokana na seli zilizokuwa zikielea kwenye chupa.

Homoni za kundi hilo huitwa sitokinini, na ya kwanza ilipatikana kwa njia ambayo hakuna ambaye angeipanga. Katika maabara ya Folke Skoog huko Wisconsin, Carlos Miller alikuta chupa ya zamani ya DNA ya manii ya samaki aina ya heringi, akajaribu kuzipa seli za tumbaku. Zikagawanyika kwa kasi. Wakaagiza DNA mpya: haikufanya kitu. Walipoichemsha hiyo mpya kwa mvuke wa presha, nayo ikafanya kazi, kwa sababu joto lilivunja DNA na kuzalisha kitu kipya walichokiita kinetini. Ilikuwa 1955. Sitokinini ya asili ya mmea ilitambuliwa 1963 kutoka kwenye punje za mahindi mabichi.

Miaka miwili baada ya kinetini Skoog na Miller walionyesha kanuni ambayo kila fundi wa tishu anaijua kwa moyo. Ukizidisha auksini, kundi jingine la homoni za mmea, seli huota mizizi. Ukizidisha sitokinini, huota machipukizi. Zikilingana, unabaki na kalasi.

Je, wajua kwamba nyanya inaweza kuwa na nikotini kwenye majani yake?

Mwaka 1942 Mmarekani Ray Dawson alibebesha kikonyo cha nyanya juu ya shina la tumbaku, na kikonyo cha tumbaku juu ya shina la nyanya. Majani ya nyanya yakajaa nikotini. Majani ya tumbaku yakawa karibu hayana. Maana yake ni kwamba nikotini hutengenezwa mizizini, kisha hupanda juu na maji.

Kwa anayetaka kukuza dawa kwenye chupa, jaribio hili la kale ni onyo. Kutoa seli kwenye jani la mmea wenye dawa hakukuhakikishii chochote. Artemisinini, dawa ya malaria iliyompa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hutengenezwa ndani ya vinyweleo vidogo vyenye tezi juu ya majani ya Artemisia annua. Kalasi haina vinyweleo, kwa hiyo haitoi artemisinini, au hutoa chembe tu zisizo na maana. Unaweza kulijaza tangi zima ukaambulia patupu.

Mfano mchungu zaidi ni ua la Madagaska, Catharanthus roseus, lile la rangi ya waridi au nyeupe linalopandwa uani na kando ya njia pwani nzima. Miaka ya 1950 Dakta Clark Noble alipokea kutoka Jamaica majani yake, yaliyosemekana kutibu kisukari. Ndugu yake Robert, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, aliwapa panya maji yake. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, na mtu mwenye macho ya kuona akatambua kwamba kinachoangusha chembe nyeupe huenda kikazuia saratani ya damu. Kufikia 1958 Robert na mkemia Charles Beer walikuwa wameitenga vinblastini. Baadaye ikafuata vinkristini, ambayo hadi leo ni nguzo ya matibabu ya saratani ya damu ya watoto.

Tatizo ni kiasi. Kwa makadirio yanayotajwa sana, gramu moja ya vinblastini huhitaji kilo 500 za majani makavu. Vinkristini ni mbaya zaidi: kilo 2,000. Kama kuna mmea uliostahili kuhamishiwa tangini ni huu, na umejaribiwa kwa miongo mingi, katika maabara kila upande wa dunia. Seli zake hukua vizuri sana. Hutoa hata nusu ya kemikali zinazohitajika. Lakini vindolini, ile nusu ya pili ya molekuli, hazitoi, kwa sababu katika jani kazi hiyo hugawanywa kati ya aina kadhaa za seli: moja huanzisha, nyingine hupokea, nyingine humalizia. Ukiwa na aina moja tu ya seli, kazi inakatika njiani.

Je, wajua kwamba kiazi kitamu unachokula kimebeba jeni za bakteria?

Kuna bakteria wa udongo, Agrobacterium, ambaye hupenyeza vipande vya DNA yake ndani ya seli za mmea uliojeruhiwa. Aina moja yake huufanya mmea uote mizizi mingi myembamba kama nywele. Wakulima humwona msumbufu, lakini wanamaabara humthamini mno, kwa kuwa mizizi anayoiotesha hukua chupani bila kuongezewa homoni yoyote, hukua haraka, na kwa kuwa ni mizizi kweli si kalasi, hutoa kile ambacho mizizi hutoa. Alkaloidi za mnanaha na jamaa zake, ambazo kwenye kalasi hupatikana kwa shida, katika mizizi ya namna hii hupatikana vizuri.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi wa aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa. Zote zilikuwa na vipande vya DNA ya Agrobacterium, vilivyoingia vyenyewe zamani, bila maabara. Mjadala wa mazao yaliyobadilishwa jeni huwa mkali Nairobi na Dar es Salaam, na mara nyingi huendeshwa juu ya staftahi yenye viazi vitamu mezani.

Je, wajua kwamba seli hutishwa ili zitoe dawa?

Mmea hautengenezi kemikali hizi kwa ajili yetu. Nyingi ni silaha dhidi ya wadudu na kuvu, na silaha hutolewa adui anapotokea. Ndani ya tangi safi hakuna adui, basi seli hutulia na kula sukari.

Kwa hiyo mafundi huwasha king'ora cha uongo. Baadhi hutia kaitosani, inayotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, maana inafanana na vitu vilivyomo kwenye ukuta wa kuvu; seli hudhani zimevamiwa. Wengine hutumia methili jasmoneti, kemikali iliyotambuliwa kwanza katika mafuta ya yasmini mwaka 1962. Yasmini hiyo hiyo ya vikuba na mashada ya harusi ina harufu ambayo kwa mimea ni habari ya hatari: jani linalotafunwa huitoa, na sehemu nyingine za mmea hujiandaa. Mwaka 1996 Wajapani walionyesha kwamba ukiitia kwenye seli za mti wa Taxus, kiasi cha dawa moja ya saratani huongezeka mara nyingi. Dawa hiyo ndiyo tunayoijia sasa.

Je, wajua kwamba dawa kubwa ya saratani ilikaribia kukwamishwa na ukosefu wa magome?

Agosti 1962 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alikusanya magome ya Taxus brevifolia katika msitu wa jimbo la Washington. Ni mti mfupi, unaokua polepole chini ya kivuli cha miti mirefu, na wakata mbao walikuwa wakiuchoma kama takataka. Monroe Wall na Mansukh Wani, huko North Carolina, walitenga ndani yake kemikali iliyoua seli za saratani, na mwaka 1971 wakachapisha umbo lake. Susan Horwitz wa New York akaonyesha mwaka 1979 jinsi inavyofanya kazi: hugandisha nyuzi ndogo ambazo seli huzitumia kujigawa, seli ikabaki imekwama katikati. Dawa hii ni paklitakseli, inayojulikana zaidi kwa jina la Taxol. Mwishoni mwa 1992 iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya ovari, na matumizi yake yakapanuka hadi ya matiti na ya Kaposi, hii ya mwisho ikiwa inajulikana mno Afrika Mashariki tangu janga la UKIMWI.

Gome lina paklitakseli takriban asilimia 0.01. Yaani tani 10 za magome kwa kilo moja ya dawa, na mti uliochunwa gome hufa. Watetezi wa misitu na wagonjwa wa saratani wakajikuta upande tofauti wa shoka moja, hadi Bunge la Marekani likapitisha sheria mahususi ya mti huu mwaka 1992. Nafuu ya kwanza ilitoka Ufaransa, ambako timu ya Pierre Potier ilipata kwenye majani ya Taxus ya Ulaya kemikali ya jirani ambayo wakemia wangeweza kuimalizia. Majani huota tena, gome haliponi.

Nafuu ya pili ndiyo ya tangini. Kampuni ya Bristol-Myers Squibb, pamoja na Phyton yenye kiwanda huko Ahrensburg, Ujerumani, ilianza kuizalisha kutokana na seli za Taxus katika matangi yanayofikia ujazo wa lita 75,000. Mwaka 2004 kazi hiyo ilipata tuzo ya serikali ya Marekani ya kemia isiyochafua mazingira, kwa kuwa iliondoa viyeyusho 10 na hatua 6 za kukausha zilizohitajika katika njia ya zamani. Kwa maoni yangu huu ndio ushindi mkubwa kuliko wote katika fani hii. Ni haki pia kusema kwamba dawa nyingi zilizoahidiwa miaka ya 1980 kufuata njia hiyo hazijafika.

Je, wajua kwamba karoti iliwaokoa wagonjwa wakati kiwanda kilipofungwa?

Ugonjwa wa Gaucher ni wa kurithi. Mwili hukosa kimeng'enya cha kusaga aina fulani ya mafuta, na mafuta hayo hujikusanya kwenye wengu, ini na mifupa. Dawa ya kwanza, iliyoidhinishwa 1991, ilikamuliwa kutoka kwa maelfu ya kondo za nyuma zilizokusanywa hospitalini. Kisha kampuni ya Genzyme ikahamia kwenye seli za ovari ya hamsta wa China zilizokuzwa tangini. Mwaka 2009 kirusi cha wanyama kikaingia katika kiwanda chake cha Allston, Massachusetts. Uzalishaji ukasimama, na wagonjwa duniani kote wakapunguziwa dozi.

Wakati huohuo huko Carmiel, Israel, kampuni ya Protalix ilikuwa ikikuza seli za karoti zilizopewa jeni la kimeng'enya hicho, katika mifuko mikubwa ya plastiki inayoning'inia na kupulizwa hewa. Dawa yake ilikuwa bado kwenye majaribio, lakini mamlaka ziliruhusu itolewe kwa dharura. Mei 2012 ikaidhinishwa rasmi Marekani, protini ya kwanza ya tiba ya binadamu kuidhinishwa ikiwa imetokana na seli za mmea. Virusi vya wanyama haviwezi kuishi ndani ya karoti. Na kuna bahati nyingine: kimeng'enya kinachotoka kwenye seli za hamsta lazima kichongwe sukari zake za pembeni ndipo kipokelewe na seli za mgonjwa. Cha karoti hutoka kikiwa tayari.

Na zile krimu za “seli shina za tufaha”?

Zipo kweli. Seli zilitolewa kwenye tufaha la kale la Uswisi liitwalo Uttwiler Spätlauber, maarufu kwa kukaa muda mrefu bila kunyauka. Hukuzwa, husagwa, na unga wake hutiwa kwenye krimu za kuondoa makunyanzi. Lakini seli iliyosagwa imekufa, na hata ingekuwa hai, seli ya tufaha haina namna ya kugeuka ngozi ya mtu. Ukizinunua, zinunue kwa harufu.

Je, wajua kwamba sisi tunaitumia teknolojia hii kila siku, ila kwa kazi nyingine?

Tangu miaka ya 1990 maabara za Kenya, kisha Uganda na Tanzania, zimekuwa zikitoa miche ya migomba ya tishu. Faida yake ni usafi: mche wa chupani hauji shambani na fukusi, minyoo wala mnyauko uliobebwa na udongo wa mgomba mama. Chupa ni zilezile, aga ileile, homoni zilezile. Tofauti ni kwamba hapa unataka mmea wenyewe, na mmea wenyewe ndio unaokuja kwa urahisi.

Kwa baadhi ya miti yetu ya dawa nadhani njia hii ya miche inafaa kuliko tangi. Chukua Prunus africana, mti wa misitu ya milimani kuanzia Kameruni hadi Mlima Kenya, Kilimanjaro na Madagaska. Magome yake huuzwa Ulaya kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, na umechunwa kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Dondoo lake si kemikali moja bali mchanganyiko wa nyingi. Tangi huhitaji kuambiwa ni kemikali ipi inatakiwa, na hapa jibu ni “zote kwa pamoja”. Mbegu zake nazo hufa zikikaushwa, hivyo haziwekeki ghalani. Miche mingi mashambani ingesaidia zaidi kuliko lita elfu za seli.

Je, wajua kwamba jembe limewahi kulishinda tangi?

Kwa kuwa seli za Artemisia zilikataa, wanasayansi wa California wakiongozwa na Jay Keasling waliingiza jeni zake kwenye hamira. Hamira ikatoa asidi ya artemisini, na mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kuigeuza kuwa artemisinini kiwandani Garessio, Italia. Ilikusudiwa kutuliza soko ambalo bei yake ilikuwa ikiruka kutoka dola zaidi ya 1,000 kwa kilo hadi chini ya 200 na kurudi, ikiwaumiza wakulima wa China, Vietnam, Kenya, Tanzania na Uganda, ambao mwaka mmoja hupanda kwa matumaini na mwaka unaofuata hung'oa.

Sanofi ilisema kwamba ikiuza bila faida wala hasara, bei yake ni dola 350 hadi 400 kwa kilo. Miaka michache baadaye artemisinini ya shambani ilikuwa inauzwa chini ya dola 250. Mwaka 2016 kiwanda cha Garessio kikauzwa kwa kampuni nyingine. Mwaka 2022 timu iliyomjumuisha Keasling ilitangaza kwamba hamira sasa inaweza kutoa vindolini, ile nusu ya dawa ya ua la Madagaska iliyowashinda wakuza tishu. Bei yake kwa gramu ikilinganishwa na kilo 500 za majani makavu bado haijapimwa sokoni.